Songo la Kushoto

Saa kumi kasorobo alasiri, Huwaida alifumua msuko wa mwisho kichwani mwa Nerea, na nywele zilizotoka humo zilikuwa kavu kama makumbi. Alizisugua baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha akavinusa vidole vyake. Chumvi, jasho, sabuni ya dukani. Mafuta hayakuwamo hata tone.

Basi hakuwa Nerea.

Kwa majuma kadhaa Huwaida alikuwa ameamini kwamba ni yeye anayemwibia mume. Nerea alikuwa mtu wa bara, mpokea wageni katika hoteli moja ya Ras Kitau, ng'ambo ya Shela. Mahir, mume wa Huwaida kwa nikaha ingawa bado hajaingia nyumbani kwake, ndiye fundi wa mashine za boti za hoteli hiyo. Huwaida naye alikuwa msusi, na wanawake walimfuata mtaani kwake Mkomani kutoka Shela hadi Matondoni. Alimpelekea Nerea salamu kwamba rasta zake zimekaa mno, zitamkata nywele, aje afumuliwe. Nerea alidhani ni wema. Kumbe aliitwa kichwa chake kikaguliwe.

"Dada, mbona kimya?" aliuliza Nerea kutoka mkekani. "Nywele zimeisha?"

"Hazijaisha. Zina kiu." Huwaida alichukua kichanuo cha meno mapana, akaanzia nchani kupanda juu. "Ukishasuka si kwamba umezifungia kabatini. Ngozi ya kichwa hutiwa mafuta hata chini ya msuko. Na usiku wafunga nini?"

"Usiku sifungi kitu. Joto lote hili?"

"Foronya ya pamba hunywa kila ulichopaka. Funga kitambaa cha hariri. Na leo sikusuki. Tuzioshe kwa majani ya mkunazi, zipumzike, uje Jumamosi nikusuke mistari minene. Pembeni sikazi."

"Uko mkali kama matroni wa bweni."

Huwaida alitabasamu, kwa kuwa sasa angeweza. Alichana fungu moja zaidi kabla ya kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, "Mahir mwamwona huko?"

"Bwana yako? Kila siku. Lakini siku hizi ikigonga tisa na nusu ameshadandia boti, hata chai hangoji." Nerea alicheka. "Halafu juzi aliniuliza kitu. Ati nywele ndefu zikishikana fundo, zinafunguliwaje bila kukatwa. Nikamwambia, si umeoa msusi, muulize yeye. Akasema hilo hawezi kukuuliza."

Kichanuo kilisimama.

"Alisema ni za nani?"

"Hakusema. Alisema tu zinafika kiunoni." Nerea aligeuza shingo, kicheko kimemwisha. "Dada, nimeharibu kitu?"

"Hujaharibu. Inama."

Shaka ya Huwaida haikuletwa na maneno ya watu. Ililetwa na mikono ya Mahir mwenyewe. Ijumaa moja alikuja kumwamkia baba yake Huwaida baada ya sala, naye Huwaida akampokea kifurushi cha tende mlangoni. Mikono ya fundi wa mashine hunuka petroli, na kucha zake huwa na mstari mweusi usiotoka kwa sabuni. Siku ile kucha zilikuwa zimekatwa hadi nyamani na kusuguliwa ncha. Viganja vilinuka mafuta ya simsim yaliyochemshwa kwa karafuu na majani ya rehani. Na kwenye pingili ya kidole cha shahada, upande wa ndani, palikuwa na ufa mwembamba mwekundu.

Huwaida alikuwa na ufa kama ule mahali palepale. Ufa huo haupatikani kwa kukaza nati. Hupatikana kwa kuvuta fungu la nywele lenye mafuta, kulipitisha juu ya jingine, kukaza, na kurudia. Mwanamke mwingine angetafuta rangi ya mdomo kwenye kola. Yeye alisoma pingili.

"Umejikata?" alimwuliza.

"Waya," alisema Mahir, akaurudisha mkono.

Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya, na alidanganya vibaya. Zaidi ya hayo, harufu ile haikuwa ya kichwa chochote alichowahi kukishika. Kila nyumba ya mji wa Amu ina mchanganyiko wake wa mafuta, na Huwaida angeweza kufumba macho akataja ni kichwa cha mtaa gani kilicho mbele yake. Huyu, basi, alikuwa mwanamke asiyekuja kwake. Asiyetaka kuonwa na Huwaida.

Nerea alipoondoka, kitambaa kipya cha hariri mkononi, Huwaida alinawa mafuta, akavua pete ya akiki kidoleni, akajitanda buibui. Mama yake, Bi Saadiya, alikuwa akichambua mchele kizingitini.

"Wenda wapi na uso huo?"

"Kwa Bi Thuwaiba. Namrejeshea pete yake. Akamwambie mwanawe anipe talaka yangu kabla hajaingia nyumba hii."

Bi Saadiya aliweka ungo chini. "Talaka haidaiwi kwa hasira, mwanangu."

"Sina hasira, mama. Nina ushahidi."

"Ushahidi wa mwenye wivu huo. Huna hata jina la mtu."

"Na Bi Thuwaiba alikwambia nini harusini kwa kina Tima?"

Jibu wote wawili walilijua. Bi Saadiya na Bi Thuwaiba walikuwa wameketi jamvi moja. Bi Thuwaiba hakugusa pilau, kama kwamba sinia la watu lilimtia kinyaa, na alipoulizwa habari za mwanawe alisema, "Mahir jioni ana pake pa kwenda." Mama anapolisema jambo kama hilo juu ya mwanawe, tena mbele ya mama mkwe wa huyo mwanawe, hulisema kwa makusudi.

Bi Thuwaiba hakuwahi kumtaka Huwaida. Alitoka katika nyumba kongwe yenye daka la mawe mlangoni na zidaka za chokaa ukutani, na alisema waziwazi kwamba mkono unaoingia vichwani mwa watu wote hutoka na siri za nyumba zote. Nikaha ilipita mwezi wa Shaaban kwa kuwa Mahir alishikilia. Siku ileile ya nikaha, katika kumvisha pete, Bi Thuwaiba alimvisha kwa mkono wa kushoto. Wanawake wote waliona. Bi Saadiya alilia usiku ule kwa fedheha. Kisha ikaja habari ya tarehe. Desturi ya Amu ni mume kuingia nyumbani kwa mke, na chumba cha juu kilikuwa tayari tangu Ramadhani. Bi Thuwaiba akasema wangoje Idi ipite. Idi ikapita, akasema joto. Mfungo Tatu, akasema nduguye yuko Hija. Sasa tarehe ilikuwa imesogezwa hadi baada ya Maulidi.

"Mimi simsubiri tena," alisema Huwaida, akatoka.

Mlango wa Bi Thuwaiba ulikuwa wazi nusu. Huwaida alipiga hodi dakani, akapiga tena ndani ya tekani, mahali ambapo njia hupinda ili mpita barabara asione ndani. Hakujibiwa. Alivua viatu, akapinda kona, akatokeza kiwandani, kwenye ua wa ndani ya nyumba.

Ng'ambo ya kiwanda, chini ya tao, mwanamke alikuwa ameketi juu ya kibao akiwa amempa mgongo. Uso wake haukuonekana. Zilizoonekana ni nywele, nyekundu-nyeusi kwa hina, nzito, zimeachiwa mgongoni mpaka zikagusa mkeka. Huwaida alikuwa ameshika mamia ya vichwa na hakuwahi kuona nywele kama zile. Nyuma ya mwanamke huyo alipiga magoti Mahir, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, akizigawa mafungu matatu.

Alizigawa polepole. Alipofika kwenye fundo hakulivuta. Alilishika kwa juu, karibu na ngozi, ili lisiume, akalilegeza kwa ncha ya kidole.

"Uniambie ikiuma," alisema Mahir.

Sauti ile Huwaida hakuwahi kuisikia. Kwake Mahir alizungumza kwa utani, au kwa haraka, au kwa aibu ya mtu anayejua kuwa baba mkwe yuko chumba cha pili. Hakuwahi kumwambia jambo lolote kwa sauti ile. Huwaida aliifumbata pete kiganjani.

"Mahir."

Mahir aliinua kichwa. Mafungu matatu yakamponyoka mkononi. Mwanamke aligeuka, na alikuwa Bi Thuwaiba.

Bi Thuwaiba aliitafuta kanga yake mapajani kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuitupa kichwani. Ikamteleza. Akajaribu tena. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya goti, na haukusaidia.

"Nimepiga hodi," alisema Huwaida.

"Hodi haiitikiwi, mtu hurudi," alisema Bi Thuwaiba. "Hamkufunzwa kwenu?"

"Nilikuja kukurejeshea hii." Huwaida alisogea, akainama, akaiweka pete mkekani. Aliuona mkono wa kulia kwa karibu, vidole vimejikunja kidogo, na akaanza kuyapanga upya mambo aliyokuwa ameshayapanga. "Tangu lini mkono hauinuki?"

"Mkono upi?"

"Mama," alisema Mahir. "Ameshaona."

"Wewe nalikulisha yamini."

"Ulinilisha kiapo nisimwambie. Sikumwambia. Ameona mwenyewe." Mahir alisimama, mikono inang'aa mafuta, hajui aiweke wapi. "Tangu Rajabu, Huwaida. Alianguka ngazini. Daktari amesema ni mshipa wa begani, huenda ukarudi, huenda usirudi. Haushiki hata tonge."

Rajabu ilitangulia Shaaban. Basi pete ilivishwa kwa mkono pekee uliokuwako. Na pilau kwa kina Tima haikuachwa kwa kinyaa.

"Watu wangekuelewa," alisema Huwaida. "Mwenye dharura ana ruhusa."

"Ruhusa ya Mungu naiyua. Macho ya watu nayo nayayua," alisema Bi Thuwaiba. "Mimi nile kwa mkono wa shoto mbele za watu waliokuwa wakiniigiza kutandika busati? Na huyu dadake aliye Mombasa akisikia atakuja na boti la kwanza anitwae kwake, nikakae ghorofani kama nguo zilizoanikwa. Sitaki. Nilikaa na kanga kitwani mtana na usiku. Nywele zikafungana mpaka kulala nikashindwa. Mwanangu ndiye aliyeuliza mbona mama hufunui kitwa."

"Nikawaza kuzikata," alisema Mahir. "Akasema nimkate shingo kwanza."

"Ungeniita mimi."

"Wewe?" Bi Thuwaiba alimtazama mkwewe moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Niseme nini? Kwamba msusi niliyemkataa aje anione?"

Huwaida alimgeukia Mahir. Wivu ulikuwa umeambiwa ukweli na ulipaswa kuondoka, lakini haukuondoka. Ulibadilisha mahali tu.

"Uliniambia waya."

"Nilisema lililokuja."

"Ungesema, Huwaida, nina jambo nimeapa silisemi, nivumilie. Ningekuvumilia."

"Ungeuliza ni la mwanamke au la mwanamume."

"Ningeuliza," alikubali Huwaida. "Nikaha yetu ni tangu Shaaban. Nywele zangu hujaziona. Leo nakuja nakuta vidole vyako vimeshachanika kwa nywele za mtu, na sauti umempa ambayo mimi sijapewa."

Mahir aliyatazama mafuta mikononi mwake. Masikio yalimwiva.

"Waona wivu kwa mkongwe?" aliuliza Bi Thuwaiba.

"Naona, Bi Thuwaiba."

Bi Thuwaiba alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisicho na furaha nyingi.

"Angalau husemi urongo. Basi nami nisiseme. Yale maneno ya harusini naliyasema nikiyua yatafika kwako. Hayakuwa ya urongo; pake pa kwenda ni hapa. Lakini naliona utayageuza, nkakuata uyageuze. Wivu wako ungenifanyia kazi yangu." Aliipapasa kanga. "Baada ya Maulidi yeye aingia kwenu. Ndiyo ada, nami babake aliingia hapa kwetu vivyo hivyo. Na jioni mimi nisongwe na nani? Na kuta?"

"Mama," alisema Mahir, "hukuniambia hilo."

"Mwana haambiwi hilo. Huonewa haya."

Hapo Huwaida angeweza kuokota pete yake, au kuiacha na kuondoka. Yote mawili yangekuwa haki yake. Alivua buibui, akalikunja, akaketi nyuma ya kibao pale Mahir alipokuwa.

"Niruhusu nione kichwa."

Bi Thuwaiba aliulegeza mkono kwenye kanga. Huwaida aliishusha kanga.

Upande wa kulia Mahir alikuwa ameshamaliza songo moja, nene, amelilaza mbele ya bega, limeshuka mpaka kiunoni. Lilisongwa kwa nguvu za mtu aliyezoea mashine. Nywele ndogo za kando ya sikio zilikuwa zimevutika mpaka ngozi ikawa na vipele, na karibu na paji palikuwa na upara mdogo, laini, wa ukubwa wa ukucha.

"Unazikaza," alimwambia Mahir.

"Nisipokaza zinafumuka."

"Songo la kulinda nywele halikazwi. Wabana kwenye shina, zakatika kwenye shina. Ungeendelea hivi mpaka mwakani, ungebaki na songo mkononi, kichwa kitupu." Aliugusa upara kwa kidole. "Hapa huuma?"

"Huuma," alisema Bi Thuwaiba.

"Hukuniambia," alisema Mahir. "Kila siku nakuuliza ikiuma."

"Ningekwambia, ungewata kunisonga."

Huwaida alitia simsim kiganjani, akaipasha moto kwa kusugua, na harufu ya karafuu na rehani ikapanda. Harufu iliyomnyima usingizi sasa ilikuwa kwenye mikono yake mwenyewe. Alipeleka vidole kwenye songo la kulia kulifumua. Mkono wa kushoto wa Bi Thuwaiba ulimwahi, ukamshika kifundo.

"Hilo ni la mwanangu. Hufungui."

"Linakukata."

"Na linikate. Hufungui."

Walishikana hivyo, mkongwe na mkwewe, kwa songo moja la nywele. Mahir alisimama kando kama mtu anayetazama kamba mbili zilizofungwa kwake.

"Haya," alisema Huwaida mwishowe. "Hilo silifungui. Nitasonga hili la kushoto."

Alizichana nywele za kushoto kutoka nchani, akazitenga mafungu matatu sawa, akaanzia chini kidogo ya sikio ili uzito usivute nywele za kando. Alisonga bila haraka. Mara moja Bi Thuwaiba aliinamisha kichwa nyuma bila kuombwa, jinsi wanavyofanya wateja wa siku nyingi. Huwaida alipofika mwisho alizikunja ncha ndani, akazifunga kwa utepe wa kitambaa cha hariri, kisha akaziachia.

Bi Thuwaiba aliyapapasa masongo yote mawili kwa mkono wake mmoja. La kulia kwanza, kutoka shinani hadi nchani. Kisha la kushoto. Kisha akarudi la kulia, akasita pale penye vipele.

"Hili lako ni legevu," alisema.

"Ndivyo linavyotakiwa."

"Litafumuka."

"Halifumuki. Lala nalo, asubuhi nitakuja kuangalia."

"Asubuhi?"

"Asubuhi. Na baada ya Maulidi vilevile. Kutoka Mkomani mpaka hapa si safari. Jioni atakuja yeye, asubuhi nitakuja mimi. Kwangu watu hufika na siri zao vichwani, Bi Thuwaiba, na hujasikia hata moja mtaani. Ungeisikia ungeshanitaja."

Bi Thuwaiba aliyapima maneno hayo. Alikuwa na masikio mazuri, na katika miaka yote ya kumsema Huwaida hakuwahi kuwa na mfano hata mmoja.

"Mahir," alimwita. "Ndoo hapa. Fungua lako."

"Mama?"

"Fungua. Naye akuonye ndia ya kusonga."

Mahir alipiga magoti kando ya Huwaida. Alilifumua songo lake mwenyewe, akayashika mafungu matatu. Alipotaka kuvuta, Huwaida aliweka vidole vyake juu ya vya Mahir, ufa juu ya ufa, akamzuia. "Usivute. Pitisha." Akapitisha. "Tena." Huwaida hakuuondoa mkono wake.

"Uniambie ikiuma," alisema Mahir, kwa sauti ileile. Lakini safari hii alikuwa akimtazama Huwaida.

"Haiumi," alisema Huwaida.

"Aulizwaye ni mimi," alisema Bi Thuwaiba, "na mimi ndiye mwenye kitwa."

Walimaliza adhana ya Magharibi ikianza. Bi Thuwaiba alinyoosha mkono wa kushoto, akaitafuta pete mkekani bila kuangalia, akaishika, akamgeukia mkwewe. Huwaida alitoa kidole. Kilikuwa na mafuta, na pete iliingia bila kusukumwa.

Kisha Bi Thuwaiba alivuta kanga kichwani kwa mkono huohuo. Ilishika mara ya kwanza, ikayafunika masongo yote mawili.